Nimeoka utando wa zinki oksaidi, ishara ikashuka nusu. Nimekosea wapi?

Kijana wa Maabara: Wakuu habari zenu. Nasoma uzamili wa fizikia. Nimetengeneza tando za zinki oksaidi kwa kunyunyizia myeyusho juu ya kioo cha moto, unene kama nm 300. Natafuta n2, yaani namba inayoonyesha mwanga mkali unavyobadilisha upindaji wa mwanga ndani ya utando. Nausogeza utando mbele na nyuma ya kitovu cha leza, nasoma mwanga unaopita kwenye tundu. Napata kilele kwanza, halafu bonde. Vipande nilivyooka kwa nyuzi 500, kimo cha ishara kimeshuka nusu! Mimi nilitegemea punje zikijipanga vizuri ishara ipande. Msimamizi anataka maelezo Ijumaa.

Fundi Lenzi: Leza ya mapigo au ya mfululizo?

Kijana wa Maabara: Ya mfululizo, mkuu, kijani, nm 532, mW 50. Ndiyo iliyopo.

Fundi Lenzi: Basi unapima joto, mdogo wangu. Pengo la nishati la zinki oksaidi, yaani nishati ambayo fotoni inahitaji ili imezwe, ni kama eV 3.3, fotoni ya kijani ina 2.33, haifiki. Wanaoimeza ni kasoro: nafasi zilizokosa oksijeni, mipaka ya punje. Mahali mwale unapopiga panapata moto, panageuka lenzi ya kutawanya, na sura yake ndiyo hiyo, kilele kisha bonde. Ulipooka, punje zikakua, kasoro zikapungua. Hujakosea. Umeutibu ugonjwa uliokuwa unakupa ishara.

Mpita Njia: Nimeingia nikidhani ni uzi wa mikate 😂

Bi Spektra: Usiandike hivyo kabla hujapima kioo kitupu. Kama kina mm 1, ni kinene kuliko utando mara 3,000 na ushee, ishara yaweza kuwa yake. Kisha rudia kwa mwanga hafifu kabisa. Mkunjo ukibaki vilevile, lawama ni ya reli iliyokaa upande au utando usio sawa. Za kunyunyizia ndivyo zilivyo: uinamishe dirishani, zile rangi kama mafuta juu ya maji ni unene unaobadilika.

Fundi Lenzi: Na uzibe mwale, uufungue ghafla huku unaangalia osiloskopu. Ishara ya joto hupanda pole pole, kwa milisekunde. Ya elektroni zenyewe kuitikia mwanga haisubiri.

Kijana wa Maabara: Nimerudi. Kioo kitupu kimetoa mstari mnyoofu. Kwenye mwanga hafifu kimebaki kimkunjo kidogo, nimekitoa. Na ishara inapanda pole pole, vile vile ulivyosema. Sasa namba yangu ya n2 niiandikeje?

Bi Spektra: Iite ya joto, taja na nguvu ya leza. Usiiweke jedwali moja na za leza za femtosekunde (mapigo mafupi mno), mtahini atakuchinja.