Wakuu, mafuriko yakija ghafla nyie mmejipangaje na familia?

mkazi_wa_bondeni
Habari za jioni wakuu. Nakaa Kigogo hapa Dar, huku chini karibu na Mto Msimbazi, na TMA (watu wa hali ya hewa) wameshatoa angalizo la mvua kubwa ukanda wa pwani. Home tuko mimi, wife, watoto wawili wa primari na bi mkubwa wangu, yaani mama, ambaye anatembelea mkongojo. Mimi mchana kutwa niko Kariakoo. Nataka tukae tupange kabisa maji yakija nani anafanya nini, ila kila nikianzisha hiyo mada wife ananiambia naita mkosi. Mnaanzia wapi? Na tafadhali msiniambie hama, kodi za huko juu nazijua.

MamaChausiku
Pole kaka. Watu wakisikia mpango wanakimbilia begi, begi baadaye. Kwanza kubalianeni mnatoka SAA NGAPI, maana wengi wanangoja mpaka maji yaingie sebuleni ndo waanze kutafuta viatu. Hiyo Desemba 2011 watu wa bondeni walilala juu ya mabati hivi hivi, baadae wengine ndo wakahamishiwa Mabwepande. Na Msimbazi usiupime kwa mvua ya kwako, maji yanatoka huko Pugu na Kisarawe, kwako kunaweza kuwa manyunyu tu na mto unakuja umefura. Mtafute ndugu au jamaa anayekaa huko juu ya mto, Gongo la Mboto, akiona mto umebadilika akupigie, awe na namba ya wife pia sio yako tu.

dereva_mstaafu
Mkuu umesema uko Kariakoo, hapo ndo penye shida yako. Mvua ikikolea barabara ya pale Jangwani inafungwa, wewe utakuwa ng'ambo ya mto na familia iko upande wa pili, ukizungukia barabara ya Kawawa napo ni kulekule mtoni. Kwa hiyo panga kama vile wewe HAUPO. Nani anambeba bi mkubwa? Wife peke yake hawezi na watoto juu. Ongea sasa hivi na kijana wa jirani au bodaboda wa kijiweni, mjumbe naye ajue kwenye hiyo nyumba kuna mzee asiyeweza kukimbia. Pa kukutania pawe upande wenu huohuo, Magomeni kwa mfano, wasije wakavuka mto kukufuata wewe. Maji yanayokwenda kasi hata yakiwa sentimita 15 tu yanamwangusha mtu mzima.

Yote_Heri
Mnatishana bure, kifo kikifika kimefika, we omba Mungu tu

MamaChausiku
@Yote_Heri omba na ujipange, kuna aliyekukataza? Katesh kule Hanang Desemba 2023 tope lilishuka Jumapili alfajiri, wale hata muda wa kujifunga kanga hawakuwa nao. Sisi wa mtoni angalau tunaonywa, halafu tunakaa.

fundi_umeme
Umeme jamani. Zima mein switchi maji yakiwa bado nje, yakishafika kwenye soketi usiguse kitu chochote, toka tu. Vyeti, kitambulisho cha NIDA na kadi za bima weka kwenye mfuko wa plastiki ufunge vizuri uuning'inize pa juu, na vipige picha umtumie ndugu aliye mkoani. Dawa za presha za mzee, tochi, pawabenki, hela keshi kidogo maana mtandao ukikata hela ya kwenye simu haikusaidii. Zimamoto ni 114, watoto waikariri kichwani. Na mkirudi maji ya kisima msinywe bila kuchemsha, vyoo vyote vya bonde vinakuwa vimeshamwagikia humo, kipindupindu ndo kinaanziaga hapo.

mkazi_wa_bondeni
Asanteni sana wakuu, hili la Jangwani kufungwa sikuliwaza kabisa. Nimeongea na sista yuko Magomeni, tukisikia angalizo tu bi mkubwa anaenda kulala kwake hata kama jua linawaka, amenuna lakini amekubali. Boda wa kijiweni nimeshampa namba ya wife. Swali la mwisho, nina kuku banda zima nyuma ya nyumba, hao inakuwaje?

dereva_mstaafu
Fungua mlango wa banda uondoke. Usirudi kuwafuata.

MamaChausiku
Au uza wiki hii, mi nachukua wawili 😂 ila wa kienyeji