Tupeane uzoefu: nani hapa Uganda amewahi kutibiwa kwa rangi?

dereva_Malaba: Wakuu salamu. Leo nimepita saluni moja hapa Malaba nikakuta dada ameweka taa za rangi rangi chumba cha nyuma, anasema nyekundu ni ya damu na nguvu, bluu inashusha presha, kijani ya moyo, zambarau ya kichwa. Unalala unamulikwa dakika 20 unatoa 30,000. Mgongo wangu unanisumbua tangu niache trela, kidogo tu nilipe. Nataka kusikia kwa waliojaribu wenyewe, si waliosikia kwa jirani.

binti_Bombo: Umenikumbusha mbali. Bibi yangu babu alimtoa Mombasa, na kwao mganga kabla ya chochote anauliza kitambaa, nyeupe, nyekundu au kaniki, kila pepo na rangi yake. Mimi nilivikwa kaniki nikiwa na miaka 7 sababu nilikuwa naota vibaya napiga kelele usiku. Na nililala kweli. Ila wiki ile yote bibi alilala pembeni yangu amenishika mkono, na mpaka leo harufu ya udi wake ndiyo naikumbuka kuliko hiyo kaniki.

mlokole_Mbale: Dada hayo ni mapepo, tubu.

binti_Bombo: Nimesema bibi alinishika mkono. Soma tena kaka.

nuru_Entebbe: Jamani si kila kitu ni pepo. Mimi natumia rangi mwaka wa tatu, nimepaka chumba kijani cha majani ya mgomba na usingizi umerudi. Mwanga ni dawa hata wazungu wanajua, Niels Finsen alipewa Nobel 1903 kwa kutibu na mwanga. Watu wanadharau wasichokijua.

nesi_wa_zamu: Finsen ni kweli, ila alitibu TB ya ngozi, na alitumia taa kali ya umeme aliyoipima na kuielekeza pale penye kidonda. Hiyo ya kila rangi na kiungo chake ni njia ya Dinshah Ghadiali, Mhindi aliyehamia Marekani akauza mashine ya Spectro-Chrome kuanzia miaka ya 1920, eti inatibu karibu kila kitu. Mahakama ilimtia hatiani 1947. Wagonjwa wa kisukari waliambiwa waache insulini wamulikwe taa. Chumba cha kijani sina neno nacho, lala salama. Mgonjwa akiacha dawa ndipo mimi napandisha sauti.

nuru_Entebbe: Mimi sijamwambia mtu aache dawa, usinichanganye na huyo.

mama_pacha_Busia: Nilikuwa nasoma tu sitaki kuandika lakini mikono inatetemeka, acha niseme.

2019 nilijifungua mapacha, Wasswa na Kato. Siku ya tatu macho ya Kato yakawa manjano, enkaka kama wanavyoita Waganda. Mama mkwe akasema mtoe juani asubuhi nikamtoa. Wifi yangu, na alikuwa ananipenda sitamsema vibaya, akaleta mama mmoja anayetibu kwa rangi. Yule mama akasema manjano inaondolewa na bluu. Akanipa chupa ya bluu ina maji yaliyokaa juani, nimpe mtoto kijiko asubuhi na jioni, na kitenge cha bluu nifunike dirisha, mwanga upitie hapo umwangukie. 80,000. Nikalipa kwa pesa ya sabuni.

Mtoto akaanza kulala sana. Tukafurahi ametulia!! Wasswa analia ananyonya, Kato kimya, wageni wanamsifu kwamba ana adabu. Siku ya sita usiku nikamweka kwenye titi mdomo haukufunga. Halafu akalia, kilio chembamba kile, kama paka mchanga, mgongo ukajipinda nyuma kama upinde. Mume yuko safari Juba. Nikambeba na boda mpaka kituo cha kwanza, wakasema hatuna taa nendeni hospitali kubwa, nikapata taxi ya alfajiri inasubiri kujaa, nikalipia viti vyote vilivyobaki.

Daktari akambonyeza kwa kidole paji la uso, akambonyeza unyayo, kote akiachia ni manjano. Akaniuliza tangu lini nikadanganya, nikasema jana. Wakamvua nguo zote wakamfunga macho kwa bandeji wakamweka chini ya taa, na hiyo taa ni ya BLUU. Nilikaa chini sakafuni. Nikadhani kumbe yule mama alijua. Nesi akaniinua akaniambia mama, si rangi ya kitambaa, ni mwanga wenyewe, tena mkali na wa karibu, unaingia kwenye ngozi unabadilisha ile manjano mwili uweze kuitoa kwa mkojo na choo. Kitambaa chako dirishani kilikuwa kinampunguzia hata ule mwanga kidogo aliokuwa anapata. Kitenge chenyewe nilikuwa nimejifunga kiunoni.

Saa tisa usiku uliofuata stima ikaenda. Ilirudi baada ya muda, sijui dakika ngapi, nilihesabu pumzi zake. Kesho yake wakambadilisha damu. Aliishi. Sikio la kushoto halisikii na alitembea karibu mwaka mzima baada ya mwenzake. Wasswa huwa anakaa upande wake wa kulia darasani bila kuambiwa na mtu.

binti_Bombo: Pole mama. Pole sana.

dereva_Malaba: Nimesahau hata mgongo. Pole dada yangu.

mlokole_Mbale: Pole bambi. Nilichosema juu kuhusu mapepo naomba radhi, nilikuwa na haraka.

nesi_wa_zamu: Mama Wasswa hukuwa mjinga. Hata hospitali ilijifunza kwa kuona tu. Huko Rochford Uingereza, 1956, Sista Ward alikuwa anawatoa watoto njiti juani bustanini, siku moja akamfunua mmoja mbele ya madaktari, mwili wote umerudi rangi yake isipokuwa pembe moja pale shuka ilipokuwa imekunjwa juu yake, hapo bado manjano. Ndiyo wakaanza kupima, 1958 wakaandika. Sasa tafadhali wote: mtoto akiwa manjano ndani ya saa 24 za kwanza ni hatari hapo hapo. Kwa ngozi zetu nyeusi usiangalie mashavu, angalia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Na mtoto mchanga hapewi maji, ya chupa ya bluu wala ya kisima.

jajja_Tororo: Lakini jua la asubuhi limetulea sote.

nesi_wa_zamu: Mzee wangu, kwa heshima, jua halina kipimo, mtoto uchi anaweza kuungua au kupata baridi, na mnajipa moyo huku siku zinapita.

nuru_Entebbe: Mama pacha nimelia. Chupa kama hizo ninazo nyumbani, sitampa mtoto wa mtu.

fundi_rangi_Arua: Mi napaka nyumba. Kuna jela ya jeshi la maji huko Seattle, 1979 walipaka chumba waridi ili wafungwa watulie, baadaye wengine wakajaribu wasione kitu. Dereva nenda kanyooshe mgongo kwa anayejua mifupa, 30,000 nunua godoro gumu.

boda_wa_Kisenyi: Godoro gumu litamuua, alale sakafuni. Mi dada wa taa aliniambia nivae nyekundu kila siku nipate nguvu, ukitaka nyekundu vaa shati tu kaka, si bereti, maana bereti nyekundu hapa Uganda tangu 2019 ni nguo ya jeshi.

mwalimu_Jinja: Mimi kipandauso kikinishika nazima taa zote navuta pazia la kijani, nasikia nafuu. Kuna utafiti wa Boston wa 2016 pia, mwanga wa kijani hauumizi kama rangi nyingine. Ila dawa yangu nameza.

shem_wa_Malaba: Samahani naingilia. Mke wa kaka yangu ana mtoto wa siku nne. Nimeenda sasa hivi na tochi ya simu, macho ni manjano, nyayo pia. Wanasema wanangoja jua la kesho.

nesi_wa_zamu: Ananyonya?

shem_wa_Malaba: Tangu mchana analala tu.

nesi_wa_zamu: Msingoje kesho. Ondokeni sasa. Mama aende naye ajaribu kumnyonyesha njiani, mfunikeni asipate baridi.

dereva_Malaba: Mko upande gani wa stendi? Gari yangu ina mafuta, nakuja.

mama_pacha_Busia: Mkiulizwa tangu lini semeni ukweli.

shem_wa_Malaba: Tumefika. Wamemtoa damu ya kisigino, tunangoja majibu. Taa wanayo na inawaka.