Masta ya usimamizi wa TEHAMA: Ujerumani, Uingereza au Marekani?

Mlango_wa_Nyuma: Wakuu, swali. Mtu ana digrii ya TEHAMA ya Tanzania, miaka 3, krediti 360, GPA (wastani wa alama) 3.8 kati ya 5. Analenga umeneja wa TEHAMA, si kuandika programu. Majina ya masta huko nje yanafanana, ila ada zinapishana mno. Tofauti hasa iko wapi, na hiyo 3.8 inasomekaje?

kebo_ya_shaba: Usianze na jina, anza na kitivo. Marekani fani hii imekulia kwenye shule za biashara tangu Minnesota walipoifungulia njia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo tegemea uhasibu, fedha na usimamizi wa miradi kwa wingi. Ujerumani inaitwa Wirtschaftsinformatik, fani yenye miguu miwili, biashara na kompyuta, na hesabu hukwepi. Uingereza ni mwaka mmoja, krediti 180, na kwa kawaida 60 kati ya hizo ni tasnifu. Muda wa kuziba pengo la masomo uliyoyakosa haupo.

Tahadhari ya Marekani: baadhi ya vyuo vinadai digrii ya kwanza ya miaka 4. Mwenye BBIT ya Kenya, digrii ya biashara na TEHAMA ya miaka 4, anapita, wewe wa miaka 3 unaweza kukwama kabla hata GPA haijasomwa. Waulize kwanza, ndipo ulipie maombi.

Daftari_la_Hesabu: Kwetu 3.8 ni daraja la pili la juu, na Uingereza vyuo vingi vinataka daraja hilo. Ujerumani wanaigeuza hivi: 5 toa GPA yako, gawa kwa tofauti ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Yaani 5 − 3.8 = 1.2; gawa kwa (5 − 2) ni 0.4, mara 3 ni 1.2, ongeza 1 unapata 2.2. Kwao 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo ya mwisho kufaulu.

Wengi wanakosea kwa kuweka 0 badala ya 2 kama alama ya chini. Hapo unapata 1.72, unajiona uko juu, kumbe kamati ina 2.2 mezani.

Ila kinachoangusha watu wengi zaidi si GPA, ni mgawanyo wa krediti. Kanuni za udahili za Ujerumani husema wanataka ECTS (krediti za Ulaya) ngapi za kompyuta, ngapi za biashara, ngapi za hesabu na takwimu. Mwaka mmoja kwetu ni krediti 120, kwao ECTS 60, basi gawa kwa mbili: kozi ya krediti 12 ni ECTS 6. Chora jedwali, kila kozi safu yake, ujumlishe kila eneo. Digrii nyingi za TEHAMA za kwetu zinapungukiwa upande wa biashara.

Mlango_wa_Nyuma: Asante mkuu. Kozi kama "Mifumo ya Taarifa za Uongozi" inaingia eneo gani? Na ada?

Daftari_la_Hesabu: Jina peke yake halitoshi, wanaweza wasiihesabu popote. Ambatisha maelezo ya kozi: mada za kila wiki, saa, vitabu, pamoja na muhuri wa chuo. Yaombe mapema, ofisi za taaluma hazina haraka.

Ada: vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi, unalipa mchango wa semesta tu. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa semesta tangu 2017, na TUM, chuo kikuu cha ufundi cha München, nacho ilianza kutoza 2024.

kebo_ya_shaba: Nyongeza. Vyeti vya kazi havijali umesomea nchi gani. CISA, cheti cha ukaguzi wa mifumo ya TEHAMA, inataka miaka 5 ya uzoefu, masomo yanafidia sehemu tu. PMP, cheti cha usimamizi wa miradi, kwa mwenye digrii ni miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo. ITIL ya msingi, cheti cha usimamizi wa huduma za TEHAMA, haina sharti, unaweza kuifanya sasa hivi ukisubiri transkripti.