Kanisa lina kazi ya kulea wasanii, ama ni wanakwaya peke yao?

PatasiNaMsasa, Malindi
Bwana asifiwe wapendwa. Nna swali limenikaa rohoni muda sasa. Mimi ni mchongaji hapa Malindi, nachonga mwarubaini na mhuhu, viti, milango, wanyama wa kuuzia wageni, na kanisani niko tangu Sande skuli. Kwetu ukijua kuimba utashonewa sare, utafundishwa solfa, utapewa maikrofoni hata kama sauti bado yatetemeka. Lakini sisi wa kuchonga na kuchora na kutunga mashairi hatuna pahali kabisaa. Majuzi kanisa lilikuwa latengeneza madhabahu mpya nikaomba nichonge meza ya Bwana na msalaba, wanipe hela ya mbao tu, ufundi niutoe bure. Nikaambiwa kuchonga kwanuka vigango vya wazee wa Kigiriama, zile nguzo za kuchongwa za kukumbuka wafu, watu watafikiria tumerudi kaya, kwenye misitu ya matambiko ya wazee. Meza ikaenda kununuliwa dukani, ile ya mbao za kubandika. Iliniuma sana, manake nikifungua Kutoka 31 naona Mungu amtaja Bezaleli kwa jina, amjaza roho yake ili achonge miti na kukata vito. Aliyejazwa pale ni fundi wa mikono. Sasa niambieni ukweli, kulea wasanii ni kazi ya kanisa ama nadai kisicho changu?

MamaAlto
Pole mwanangu, na usiache. Mimi ni Mkatoliki, kwaya nimeimba tangu usichana. Wazee wetu walikuwa wakisali misa ya Kilatini na ngoma haingii ndani, ni mambo ya kishenzi. Ukaja Mtaguso wa pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wetu, 1962 hadi 1965, milango ikafunguka na leo Jumapili bila ngoma na kayamba hata watoto wataona misa imepwaya. Na hakuna aliyerudi kaya kwa sababu ya kayamba! Hiyo patasi yako nayo itafika, lakini lazima mtu aisimamie.
Ila usifikiri sisi wa kwaya tumelelewa vizuri vile waona. Tunafundishwa kukariri za wengine basi, kijana akitunga yake ataambiwa ngoja. Na tuni tunazo. Wimbo wetu wa taifa wa 1963 tuni yake yatoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, hapo Tana River kwa jirani. Nchi nzima yasimama wima kwa wimbo wa mama na mtoto wake, na sisi bado twaogopa za nyumbani.

MwekaHazina2
Mimi nitatofautiana na nyinyi kidogo, kwa heshima. Nashika pesa za kanisa (si la huyu ndugu) na najua yale yaliyo mezani: karo ya mayatima, nauli ya mgonjwa kwenda Mombasa, bati linalovuja. Kanisa si shule ya sanaa. Halafu tumefundisha vijana kinanda kwa pesa za sadaka, wakishajua tu wako hoteli za Watamu wapigia watalii. Na hilo la vigango msilipuuze, vile ni vya wazee wa Gohu, chama chao cha wazee wenye heshima, waliofariki, vinaheshimiwa na kutolewa sadaka, sasa kuna muumini ametoka huko juzi bado mchanga, mchungaji lazima amfikirie. Sisemi kuchonga ni dhambi.

MokoweKwetu
Niko Lamu huku bara, Mkristo kati ya majirani Waislamu, na kuna jambo nimejifunza kwao. Ile milango ya Lamu mnayoona kwa picha haikudumu kwa maombi peke yake, imedumu kwa sababu watu waiagiza na kuilipia, kwa hivo fundi ana kazi na kijana akaa chini yake miaka mpaka mkono ukubali. Maulidi ikifika vilevile, kasida na matwari, vijana wamefunzwa tangu wadogo na mji mzima watoka kuwasikiza. Msanii hulelewa kwa kupewa kazi.
Mweka hazina nakuheshimu lakini ile meza ya dukani si ilinunuliwa? Pesa ilitoka, ila ikapita mbele ya fundi wa kanisa lenyewe ikaenda kwa mwenye duka. Huyo wa kinanda naye ana mama wa kulisha, angekuwa analipwa hata kidogo angebaki. Bach, yule mtunzi wa muziki wa Ujerumani, aliajiriwa kwa kanisa la Leipzig 1723 akawa huko mpaka kufa 1750, afundisha wavulana na kutunga nyimbo za ibada, ndio kazi yake ya mshahara. Na tusiende mbali, kanisa kuu la Anglikana Murang'a miaka ya hamsini lilimpa kuta zake Elimo Njau, kijana aliyetoka Marangu akasoma Makerere, akachora maisha ya Yesu katika mandhari ya huku kwetu, watu weusi na vilima wanavyovijua. Baadaye 1965 huyo huyo akaanzisha Paa ya Paa, nyumba ya sanaa, Nairobi na wasanii wengine wakapata pa kusimama. Ukuta mmoja wa kanisa tazama ulizaa nini.
Vigango: vimeibwa mpaka makumbusho za Marekani, na baadhi zimevirudisha. Mkono wa mzee wa Kigiriama ulikuwa na ustadi ambao Mungu ndiye aliuweka, kwa nini mjukuu wake asiutumie kuchonga msalaba?

PatasiNaMsasa, Malindi
Asanteni, mmenipa nguvu. Mlango wa upande wa kanisa bado ni bati, nitaenda tena kwa kamati niombe huo. Nataka kuchonga samaki na mikate, na maua ya mnazi pembeni. Huyo muumini mchanga akiona mikate mitano ataelewa.

MwekaHazina2
Mlango sawa, huo hata mimi ningeupitisha. Peleka karatasi yenye bei, mbao kando ufundi kando, na uende na kijana mmoja utakayemfundisha kazi hiyo, kamati hupenda kuona hivo. Na usiandike bure.