Mrejesho: samaki beta aliyekunja mapezi

Asanteni wakuu. Niliuliza kwa nini beta wangu analala chini, mapezi kayakunja, chakula hagusi. Kosa lilikuwa maji: bakuli la lita 3, nyuzijoto 21, amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) juu. Sasa yuko kwenye tangi la lita 20, hita imeshikilia nyuzijoto 26, na chujio la sponji linabubujika taratibu, maana mkondo mkali humchosha. Hadi bakteria wanaokula amonia wajijenge kwenye sponji (wiki 4 hadi 6), napima amonia kila siku. Ikionekana tu, nabadilisha robo ya maji, mapya yakiwa yameondolewa klorini. Sponji sioshi kwa maji ya bomba, klorini huua bakteria haohao. Chakula punje 3 asubuhi, 3 jioni. Na mfuniko, jamani, huyu huruka! Mapezi yamefunguka, ila ncha bado zimechanika.