Pingili ya 5 ya shingo: akikaa anahema, sauti inakatika, usiku anawaka moto

Nuru_Pongwe
Assalaam aleikum wakuu. Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 34, mwalimu wa madrasa hapa Tanga. Alianguka mnazini miezi 5 iliyopita, uti wa mgongo ukaumia usawa wa pingili ya 5 ya shingo. Shingo ilishawekwa vyuma na daktari kasema imeshika. Anapumua mwenyewe bila mashine. Akilala chali hana shida, akikalishwa kitini anahema, nami nilidhani ingekuwa kinyume. Balghamu haitoki. Akisoma aya anakatika katikati. Usiku miguu inawaka moto, na hiyo miguu ukiigusa hahisi! Diklofenaki haijafua dafu. Jirani anashauri tramadoli na kumkanda maji ya moto. Tuanzie wapi?

fizio_pwani
Wa aleikum salaam dada Nuru. Maji ya moto acheni leo hii. Ngozi isiyohisi inababuka na mwenyewe hajui, na kidonda chake kinachukua miezi kupona.

Hilo la kuhema kitini ni kawaida ya majeraha ya shingo. Kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kinapata mishipa yake ya fahamu kutoka pingili ya 3 hadi ya 5 ya shingo, kwa hiyo chake kinafanya kazi, hata kama si kwa nguvu zote. Misuli ya mbavu na ya tumbo inategemea mishipa ya chini zaidi, na hiyo imekatika mawasiliano. Akilala chali, matumbo yanakisukuma kiwambo juu kifuani, kinapata nafasi ndefu ya kushuka. Akikaa, tumbo legevu linamwagika mbele, kiwambo kinabaki kimeshuka tayari, hakina pa kwenda.

Dawa yake ni mkaja. Ndiyo, ule ule wa mzazi. Kanga ikunjwe kwa urefu mara nne, ipate upana wa sentimita 25 hivi. Afungwe akiwa bado amelala, kabla ya kukalishwa. Ukingo wa juu ukae chini ya mbavu, usizipande, maana ukizibana mbavu umemnyima hata pumzi aliyokuwa nayo. Ukingo wa chini ufunike mifupa ya nyonga. Vidole viwili vipite kati ya kanga na tumbo. Fundo lisikae mgongoni, na pini msitumie. Fundi cherehani ashone zile tepe za kubandika na kubandua kama za viatu vya watoto. Baada ya saa 2 fungueni muitazame ngozi. Wekundu usioisha kwa nusu saa maana yake mmekaza mno au kuna mkunjo. Faida nyingine: unapunguza kizunguzungu cha presha kushuka anapokalishwa.

Balghamu haitoki kwa sababu kikohozi ni kazi ya tumbo, na tumbo halisukumi. Msukumieni nyinyi. Alale chali, au kiti kifungwe breki. Weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, kati ya kitovu na ncha ya mfupa wa kifua, bila kuigusa ncha yenyewe. Avute pumzi, aishike kooni, aongeze mbili tatu ndogo juu yake bila kutoa, kisha akohoe. Hapo hapo anapokohoa unasukuma ndani na kuelekea juu. Kosa la wengi ni kusukuma kabla au baada, na ukichelewa sekunde moja umembonyeza tumbo bure. Mara 3 au 4, apumzike, kisha rudieni. Asubuhi na jioni, na kila kifua kinapokoroma, ila si ndani ya saa moja baada ya kula. Mara ya kwanza mtu wa fizio (tiba ya mazoezi ya viungo) awepo aone mikono yenu. Kama kuna mbavu zilizovunjika, msiguse.

Msomaji_Makorora
Kwa upande wa sauti: sauti ni hewa inayotoka, basi asiipoteze. Wengi wanavuta pumzi, wanaiachia nusu, ndipo wanaanza kusema. Neno la kwanza liende na pumzi ikiwa juu kabisa. Maneno 5 hadi 7, kituo, pumzi nyingine. Mwalimu wa tajwidi hili halimshindi: pumzi ikikata kabla ya kituo, anasimama kwenye neno kamili, anarudi nyuma na kuunganisha. Asome kwa hadri, mwendo wa haraka, maana tahkiki, yaani usomaji wa polepole, na maddi ndefu, yaani kuvuta sauti, zinakula hewa yote. Mkaja uwe umefungwa, kiti kilazwe nyuma kidogo, na darasa liwe asubuhi baada ya kukohozwa. Asikaze koo ili asikike nyuma ya darasa. Anunuliwe kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kanzu.

Alipokuwa wodini aliwekewa mpira wa kupumulia kooni? Kama sauti inakwaruza tangu hapo, au akivuta pumzi inapiga mluzi, aonwe na daktari wa koo. Njia ya hewa huweza kusinyaa kwa kovu, na mazoezi hayatibu hilo.

Dawa_Mezani
Huo moto wa miguu unatoka kwenye mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa, si kwenye miguu, ndiyo maana diklofenaki haiufikii. Akiendelea kuimeza atajiumizia tumbo na figo bure. Dawa zinazotumika zaidi ni za aina mbili: amitriptilini, kwa kawaida huanzia mg 10 hadi 25 usiku, au gabapentini, huanzia mg 300 usiku na kupandishwa polepole. Daktari ndiye apange, na aangalie figo kabla ya gabapentini. Zipeni wiki kadhaa, watu wengi wanaacha siku ya nne wakisema haifanyi kazi. Gabapentini isikatwe ghafla. Amitriptilini inakausha mdomo na balghamu, inazuia mkojo na choo, kwa hiyo mwambieni fizio ikianzishwa.

Tramadoli hapana, labda daktari aamue akijua yote haya. Inapunguza msukumo wa kupumua, zaidi ikichanganywa na gabapentini. Ikikutana na amitriptilini inaweza kuleta degedege. Na inafunga choo. Kwa jeraha la pingili ya 6 ya kifua kwenda juu, na lake la shingo limo, choo kilichoganda au mpira wa mkojo uliojikunja unaweza kurusha presha ghafla: kichwa kinagonga, uso mwekundu, jasho juu ya usawa wa jeraha. Mkalisheni wima, fungueni mkaja na nguo zote za kubana, nyoosheni mpira wa mkojo. Isiposhuka mara moja, hospitali. Na mjue presha yake ya kawaida sasa. Kama ni 95/60, basi 135 kwake ni dharura, hata kama mpimaji atasema ni nzuri.

Nuru_Pongwe
Ahsanteni sana. Mkaja alale nao? Na kujifukiza ili balghamu ilegee?

fizio_pwani
Usiku avuliwe. Kujifukiza hapana, sufuria ya moto na miguu isiyohisi havikai pamoja. Maji ya kunywa yanatosha, na jiko la mkaa litoke chumbani. Kila asubuhi ahesabu moja, mbili, tatu kwa pumzi moja, muandike. Aliyezoea kufika 18 akiishia 9, au akipata homa, au kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikisoma chini ya 92 akiwa ametulia, msisubiri kesho. Pelekeni Bombo, hospitali ya mkoa.