Mapanga ya turbini yaliyotumika kwa injini ya PT6A-114A: yafaa kununuliwa?

Fundi wa Unguja: Ndugu mafundi, salaam. Ninahudumia Cessna Caravan inayoruka kati ya Unguja, Pemba, Mafia na Dar es Salaam, na injini yake imefikisha saa 1,800, ambao ndio wakati wa ukaguzi wa sehemu ya moto, yaani chumba cha kuchomea mafuta na turbini. Tulipoingiza kamera kupitia matundu ya vipulizia mafuta, tuliona mapanga ya turbini, yaani gurudumu linalosukumwa na gesi ya moto na kuzungusha kompresa ya kushindilia hewa, yamebabuka mpako na kuanza kuchimbika. Muuzaji mmoja wa nje ametupa bei ya chini sana kwa seti iliyotumika, akisema cheti kitakuja pamoja na mzigo. Mwenye ndege anataka tulipe wiki hii. Nidai nini kabla fedha hazijatoka?

Karakana Wilson: Ndugu yangu, dai kwanza namba ya kipuri. Mwaka 2014 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu injini za PT6A-114 na 114A baada ya mapanga hayo kukatika na injini kupoteza nguvu, ikataka ya zamani yaondolewe na kuwekwa yaliyosubiwa kwa fuwele moja, yaani metali ya panga zima ni fuwele moja isiyo na maungio ndani. Huenda baadhi ya seti zilizotolewa hazikuharibiwa, kwa hiyo bei ya chini inaniogopesha mimi kuliko kunifurahisha.

Mkaguzi Mstaafu: Naongeza kwamba cheti huonyesha hali ya kipuri siku kilipokaguliwa, wala hakisimulii maisha yake. Turbini hii huzunguka takriban mara 37,500 kwa dakika katika joto kali, na panga lililowahi kupitia uwashaji uliozidisha joto huweza kurefuka na kudhoofika ndani bila jicho kuona chochote. Dai kumbukumbu za saa na za miruko tangu kipuri kilipotoka kiwandani. Akishindwa kuzitoa, msijadiliane naye tena.

Karakana Wilson: Na chanzo chenyewe mkishughulikie, maana chumvi ya bahari ikikutana na salfa ya mafuta ndiyo inayokula mpako, na hata seti mpya italiwa vilevile. Wengi huosha kompresa peke yake. Turbini nayo ioshwe kwa maji safi yasiyo na madini, kupitia tundu la plagi ya kuwashia, baada ya safari ya mwisho ya siku, kisha injini iwashwe ikauke.

Fundi wa Unguja: Nashukuru sana, wazee wangu. Muuzaji ametuma namba jioni hii, na nilipoilinganisha na orodha ya agizo nikakuta ni mapanga ya aina ya zamani. Mwenye ndege ameziona karatasi kwa macho yake na amekubali tuagize seti mpya. Ndege itakaa chini mpaka ifike, na bomba la kuoshea turbini nimeliweka katika oda hiyohiyo.